Muulize Anachokiona
Tafakari ya wiki: Marko 8:22–26

Yule kipofu wa Bethsaida alipoulizwa kama anaona kitu, hakujibu ili kumfurahisha Yesu. Alikuwa amekwisha kuwekewa mikono, lakini akasema kweli: anaona watu wanatembea, ila wanafanana na miti.

Wapo hata leo wanaoona mambo ya namna hiyo. Mwaka 1955, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, John Todd, aliandika habari za wagonjwa walioona vitu vikikua au kupungua ghafla, wengine wakihisi miili yao wenyewe imerefuka au imenywea. Hali hiyo akaipa jina la Alice, msichana wa hadithi ya Lewis Carroll, ambaye wasomaji wa Kiswahili walimjua kama Elisi katika Nchi ya Ajabu. Ni hali adimu, na huwapata sana watoto. Mtoto amelala kitandani, mara anaona kuta zinasogea, na uso wa mama aliyeketi karibu yake umekuwa mdogo na uko mbali. Macho yake ni mazima. Ubongo ndio unaokosea kupima ukubwa na umbali, mara nyingi kwa sababu ya kipandauso au maambukizi ya virusi, pengine kifafa. Kwa kawaida hupita baada ya dakika chache, na watoto wengi hupona.

Kinachoniumiza ni yale tunayomfanyia mtoto huyo. Akisema, tunamwambia anadanganya. Akirudia, tunasema ana mapepo, anasimamishwa mbele ya kusanyiko akemewe. Mara ya tatu hasemi tena, na kama ni kifafa, kinaendelea bila dawa.

Yesu alimshika yule mtu mkono, akamtoa nje ya kijiji, mbali na umati. Akamuuliza, akasikiliza jibu, akamgusa tena. Hakuna mahali tunaposoma kwamba alimlaumu kwa imani haba. Nawaombea wagonjwa na nitaendelea kuwaombea, lakini kumkemea mtoto ambaye hatujamsikiliza si huduma ya Kristo.

Wazazi, na ninyi walimu wa shule ya Jumapili, mtoto akikuambia vitu vinabadilika ukubwa, mketishe faraghani. Muulize hali hiyo ilianza lini, kama kichwa kinamuuma, kama ana homa. Omba naye, kisha mpeleke hospitali, na huko umwache aeleze kwa kinywa chake mwenyewe.