Mali Bila Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa je, daftari likichomwa makusudi, tena kwa jina la usawa?

Swali hili limenikaa kichwani tangu nianze kusoma habari za Old Economy, kijiji kilichohifadhiwa pale Ambridge, Pennsylvania. Waliokijenga kuanzia 1824 ni Chama cha Harmony: Wajerumani waliomfuata mhubiri George Rapp hadi Marekani wakimngoja Kristo arudi. Mwaka 1805 walikubaliana kwamba mali ya mmoja ni ya wote, na atakayejitoa atarudishiwa alichokuja nacho. Mwaka 1818 wakalichoma daftari lililoonyesha nani alileta nini.

Nakiri, kitendo hicho kina uzuri wake. Pasipo daftari, hakuna wa kumwambia mwenzake, "Mimi nilikuja na shamba, wewe ulikuja na njaa." Undugu unaohesabiwa senti kwa senti ni undugu gani?

Lakini mtazame Joshua Nachtrieb. Alitoka 1846 baada ya miaka zaidi ya 25 ya kazi, akapewa dola 200, akatia sahihi stakabadhi. Baadaye akadai kwamba alifukuzwa bila haki, akataka fungu lake. Mwaka 1856 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba hana anachodai. Sahihi yake mwenyewe ndiyo iliyomfunga. Ajabu, eh? Jumuiya iliyochoma karatasi ya michango ilijua kutunza karatasi ya kuagana. Kumbukumbu zake za biashara nazo zilibaki, tena nyingi mno.

Ndiyo maana nasema daftari halikuwa adui wa usawa. Aliyebaki ndani hakulihitaji. Chakula, nguo na nyumba alipata. Aliyelihitaji ni yule aliyetaka kutoka. Na usawa usioacha mlango wazi, mimi naona ni utii uliovikwa kanzu ya upendo.

Chama kilivunjwa 1905, wanachama wakiwa wamebaki wachache sana, kwani waliishi useja tangu 1807. Jimbo likachukua majengo 17 mwaka 1916, leo ni makumbusho. Mgeni anaonyeshwa bustani na nyumba ya Rapp. Lakini jasho la kila mmoja kwenye kuta zile, nani atalipima? Ukurasa wake ulishakuwa majivu.