Je, Gari la Kifahari ni Neema au Israfu?



Ndugu msomaji, baada ya swala ya Ijumaa mazungumzo ya vijana nje ya msikiti wa chuo aghalabu huishia kwenye magari. Mmoja ataisifu Land Cruiser V8, mwingine ataapa kwamba hakuna kama Lexus LX 570. Kisha huzuka swali ambalo hatulimalizi: Muislamu aliyejaaliwa mali ya halali akinunua gari la namna hii, je, anadhihirisha neema ya Mola wake au anafanya israfu? Mimi nasoma uhandisi wa mitambo, kwa hiyo nitaanza na gari lenyewe kabla ya hukumu. Huwezi kusema kitu kimezidi kiasi kabla hujakipima.

Tuichukue hiyo LX 570. Injini yake ni ya petroli, silinda nane, lita 5.7, na nguvu za farasi zaidi ya 350. Gari lina uzito unaokaribia tani 2.7, lakini kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa linatumia sekunde zisizofika nane. Kihandisi ni kazi ya kustaajabisha, wala sioni ubaya wa kuistaajabia. Ila nguvu hiyo ina bei. Kila unapoondoka kwenye mataa unasukuma tani 2.7, na kila unapokanyaga breki, nishati uliyoilipia inageuka joto na kupotea. Tena, sehemu kubwa ya nishati iliyomo kwenye petroli haifiki kwenye magurudumu kabisa. Inatokea kwenye rejeta na ekzosi. Vipimo rasmi vya Marekani vinaonyesha kama lita 18 kwa kila kilomita 100 za mjini, na foleni ya Kampala ni ngumu kuliko vipimo hivyo.

Sasa tupige hesabu. Mwenye gari akitembea kilomita 40 kwa siku, siku 25 za mwezi, amefikisha kilomita 1,000 na kuchoma lita 180. Tukichukua shilingi 5,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, hizo ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi ya serikali hapati mshahara huo. Hapo bado hatujagusa oili, inayoingia zaidi ya lita saba kila unapobadilisha, wala plagi nane, matairi mapana, breki zinazobeba uzito wote huo, na bima inayopanda kwa thamani ya gari. Pikipiki ya boda ya cc 100 inatumia lita mbili hivi kwa kilomita 100. Na kila lita ya petroli ikiungua inatoa kilo 2.3 hivi za hewa ya ukaa. Lita 180 ni zaidi ya kilo 400 kila mwezi, katika anga tunayoishi sote, mwenye gari na asiye na gari.

Je, tarakimu hizi zinatosha kusema ni israfu? Hapana. Lipeleke gari lilelile kwenye miteremko ya mlima Elgon wakati wa mvua, limebeba daktari na dawa, na lita 18 zitakuwa zimetumika vizuri. Wanazuoni wetu, akiwemo Imam Al-Shatibi, walipanga maslahi ya watu kwa daraja tatu: dharura, mahitaji, na mapambo. Kitu kimoja kinaweza kuingia katika daraja yoyote kulingana na anayekitumia na mahali anapokitumia. Kwa hiyo israfu haikai ndani ya injini. Inakaa katika umbali uliopo kati ya haja ya mtu na kile anachotumia.

Hapa ndipo mwenye gari hujitetea kwa hoja mbili. Ya kwanza: Mwenyezi Mungu anapenda kuona athari ya neema Yake kwa mja Wake. Ni kweli, na Uislamu haukutuamrisha kuvaa matambara. Lakini neema inayoonekana ni tofauti na neema inayotafuta kuonekana. Kipimo changu ni hiki: kama gari hilo lingekuwa na nguvu ileile na viti vilevile, ila lisiwe na nembo wala mtu wa kugeuza shingo kulitazama, je, ungelilipia bei ileile? Jibu la swali hilo analijua mwenyewe na Mola wake. Katika Surat Al-Qasas, Qaruni alitoka mbele ya watu wake katika mapambo yake, na matokeo yake yalikuwa nini? Walikuwepo waliotamani kuwa kama yeye. Pambo lake lilibadilisha matamanio ya waliomtazama.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi: mali ni yangu, ni halali, na nimetoa zakat. Tuichunguze. Gari la kupanda mwenyewe halitolewi zakat, kama ilivyo nyumba unayoishi. Tuseme mtu ana shilingi milioni 200 benki. Mwaka ukitimia, asilimia 2.5, yaani milioni 5, ni haki ya mafukara. Akizigeuza kuwa gari kabla mwaka haujatimia, haki hiyo haimdai tena mwaka huo wala ujao. Utaniambia pesa zimehamia kwa muuzaji naye atazitolea. Labda, kama ni Muislamu na yuko hapa. Lakini magari haya mara nyingi hununuliwa Japani au Dubai, na fukara wa mtaani kwetu hayuko huko. Mnunuzi hakuvunja sheria hata moja. Ila asiitegemee zakat kuwa ushahidi wake, kwa sababu mali iliyomo kwenye gari ndiyo ile isiyotolewa zakat.

Mimi naona hivi. Gari la kifahari si haramu, na si kazi yetu kusimama kwenye maegesho tukihesabu dhambi za watu. Lakini uhalali wa kununua haufungi mjadala. Surat Al-Furqan inawasifu waja wanaokaa katikati, baina ya ubadhirifu na ubahili, na hiyo katikati hutafutwa kwa hesabu, si kwa hisia. Anayesema anahitaji silinda nane aonyeshe ni barabara gani inayozidai.

Ninayaandika haya kwetu tusiomiliki hata baiskeli, kwa sababu. Miaka michache ijayo baadhi yetu tutakuwa wakurugenzi na wakuu wa idara. Wengine tutapewa magari haya kwa fedha ya umma, mafuta yakilipwa na mwalimu yule kupitia kodi yake, na dereva akiacha injini inaunguruma saa nzima ili tukute ubaridi ndani. Siku hiyo tamaa itakuwa imeshakomaa, na hoja za kuitetea hazitakosekana. Kiasi chetu tukiweke sasa, wakati bado hatuna cha kutetea.

Wabillahi tawfiq.