Kocha Anayeuliza Kwanza

Pita Mama Ngina jioni uone watu wanavyokimbia. Ukitaka kocha wa kukufundisha peke yako, hutamkosa. Kila mmoja ana picha za wateja wake kwenye simu, kabla na baada. Sasa umchague nani?

Mimi naona swali hili si la misuli, ni la amana. Mwili umepewa uutunze. Ukimwambia mtu "niamrishe," umemkabidhi sehemu ya amana hiyo. Fundi wa kanzu pale Mji wa Kale hakati kitambaa kabla hajakupima. Kocha je? Hajauliza goti, presha wala sukari, keshakuchuchumaza mara mia!

Wengi husema kocha mkali ndo mzuri. Lakini ukali usio na sababu ni ubabe tu. Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha Olimpiki ya Barcelona 1992, alifuatwa na kijana wa kwao akiomba programu ya mazoezi. Akamwandikia. Kijana akaifuata, akarudi kuomba nyingine. Nidhamu ilikuwa yake mwenyewe, si ya kupigiwa kelele. Kijana huyo ni Eliud Kipchoge, na mwaka 2019 kule Vienna alipokimbia marathoni kwa 1:59:40, kocha wake alikuwa Sang yuleyule.

Kwa hivyo kipimo changu ni kimoja: nikisema "hapa panauma," atasikiliza? Asiyetaka kuulizwa simkabidhi hata goti, manake yeye atakwenda zake, na maumivu nitabaki nayo mimi.