Anayepokea Bure Ana Wajibu Gani?

Ziko programu za kompyuta ambazo kwa kawaida hutolewa bure. Zinaitwa programu huria. Maandishi yake ya ndani yako wazi: kila mtu aweza kuyasoma, kuyatengeneza na kuwagawia wengine. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni mojawapo. LibreOffice, tunayoandikia barua na kupigia hesabu, ni nyingine. Zinatengenezwa na watu wa nchi nyingi, wengine kwa mshahara, wengine kwa kujitolea. Basi tuulize: sisi tunaozitumia, je, tuna wajibu wa kuzijaribu?

Wengi hujibu: «Hapana, hiyo ni kazi ya mafundi.» Lakini mwenye kununua humdai mwuzaji, hapa mwuzaji hayuko. Hati za programu hizi husema wazi kwamba zinatolewa bila dhamana. Kwa hiyo wanaozitumia pamoja hawana budi kuzilinda pamoja.

Hatari kubwa ni kila mtu kumtegemea mwenzake. OpenSSL ni programu inayolinda siri za mawasiliano katika intaneti. Mwaka 2012 ilitolewa ikiwa na kosa lililoitwa baadaye Heartbleed. Maandishi yake yalikuwa wazi mbele ya dunia nzima, lakini kosa halikutangazwa mpaka Aprili 2014. Kuwa na ruhusa ya kutazama si sawa na kutazama.

Tuangalie sasa mfano mwema. Mwaka 2024 mtu mwenye hila, aliyejionyesha kuwa msaidizi kwa muda mrefu, alikuwa ameficha mlango wa siri katika programu ya XZ Utils. Andres Freund hakuwa mmoja wa watunzaji wa programu ile. Alipokuwa akipima kazi yake mwenyewe, aliona kuingia katika mashini kunachelewa karibu nusu ya sekunde. Hakudharau jambo hilo dogo. Alichunguza, na tarehe 29 Machi akawatangazia wote, kabla hila ile haijaenea katika kompyuta nyingi.

Mtu atasema: «Freund ni fundi, mimi sijui kitu.» Ni kweli, na wajibu hupimwa kwa uwezo. Hatudaiwi sote kusoma maandishi ya ndani. Lakini kabla ya toleo jipya la LibreOffice hutolewa toleo la majaribio, na kulijaribu hakuhitaji ufundi. Tusiliweke katika kompyuta yenye daftari pekee la hesabu zetu, maana hiyo si busara. Tukiona kosa, tuwaandikie watengenezaji kwa adabu: namba ya toleo, tulifanya nini, tulitazamia nini, tuliona nini. Matusi hayamsaidii fundi. Habari kamili humsaidia.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi tumekula katika shamba hili siku nyingi. Anayeona kosa akanyamaza amemwachia jirani yake shimo njiani, naye alikwisha kuliona.