Mcheza Kwao Hutunzwa, Mcheza Ugenini Je?

Lugha yetu ina mzizi mmoja kwa watu watatu. Anayekesha kanisani yuko kwenye maombi. Anayejaza fomu ya chuo anatuma maombi. Na yule anayekaa na kopo pale kwenye mataa ni ombaomba. Swali langu leo ni hili: kijana wa Bongo anayeandika hadithi, akituma maombi ya kwenda kusomea uandishi Marekani kwa fedha za Wamarekani, anafanya lipi kati ya hayo matatu?

Siulizi kwa utani. Kijiweni kwetu wanaoandika hawaulizani tena "umeandika nini?" Siku hizi wanaulizana "umeomba wapi?" Hebu basi tulitazame jambo lenyewe lilivyo, ndipo tuhukumu.

Shahada yenyewe inaitwa MFA, yaani uzamili wa uandishi wa kubuni. Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha warsha yake ya waandishi mwaka 1936, na baadaye mtindo ule ukaenea vyuo vingi vya Marekani. Masomo ni ya miaka 2 au 3. Unapeleka kurasa zako za hadithi, mara nyingi 20 au 30, au mashairi yako kadhaa, pamoja na barua ya kujieleza na barua 3 za watu wanaokujua kikazi au kimasomo. Ukipata penye ufadhili kamili, hulipi ada na unapewa posho ya kuishi. Nafasi ni za kuhesabu kwa vidole. Waombaji ni mamia.

Na watu wametoka huko, si ndoto za alinacha. NoViolet Bulawayo wa Zimbabwe alisoma Cornell, na mwaka 2013 riwaya yake ikafika kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Okwiri Oduor wa Kenya, aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka 2014, alisoma Iowa. Kwa hiyo anayeomba si mwendawazimu. Anaona mlango, anabisha hodi.

Wapo wanaosema kubisha hodi huko ni kujiuza. Mimi nasema kwanza tuulize fedha ile ni ya nini. Kiko kituo kama Michener, pale Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, ambacho hulipa miaka 3 bila kumtaka mwanafunzi afundishe. Lakini kwenye vyuo vingi posho ni ujira. Mwandishi anapewa darasa la vijana wa mwaka wa kwanza awafundishe kuandika insha, asahihishe madaftari yao, ajibu malalamiko yao ya maksi. Huyo si ombaomba, ni mwalimu anayelipwa. Anachodaiwa ni kazi nzuri darasani, basi. Hadaiwi kusifu mtu wala kuficha jambo. Hata Shaaban Robert alikula mshahara wa serikali ya kikoloni miaka na miaka, akiandika vitabu vyake katika muda uliobaki, na hakuna mwenye akili timamu anayesema vitabu vile ni vya Mwingereza.

Kwa hiyo kupokea fedha si dhambi. Tatizo liko kwenye ile barua ya kujieleza.

Nina mwenzangu, jina naliweka kapuni. Kalamu yake ni kali kuliko yangu, na nalisema hili bila kinyongo. Mama yake anauza vitumbua, baba ni mstaafu anayependa bao na redio. Nyumbani kwao si kwa kitajiri, lakini hakuna mtoto aliyelala njaa. Alipokaa kuandika barua yake, mtu mmoja aliyewahi kuishi majuu akamshauri aongeze vumbi kidogo, maana wale jamaa wanapenda vumbi. Akaongeza. Barua ilipokwisha, baba alikuwa ameshafariki, mama alikuwa mjane, na vitumbua vilikuwa ndiyo mlo pekee wa siku.

Akanipa niisome. Kiingereza kilikuwa kizuri mno. Nikamwuliza, "Sasa mshikaji, mzee umemuua?" Akacheka. Akasema sisi si waandishi? Kazi yetu si kubuni?

Hapo ndipo penye swali lenyewe, na jibu la haraka halitoshi. Ni kweli kazi yetu ni kubuni. Lakini msomaji wa hadithi anajua kwamba anaambiwa hadithi, amekubali, na hata akilia analia kwa hiari yake. Barua ya kujieleza ni kitu kingine. Ni ushahidi. Unasema "mimi ni huyu, nimetoka hapa," na msomaji anakuamini kwa sababu umetia jina lako chini. Kubuni ndani ya hadithi ni ufundi. Kubuni ndani ya ushahidi kuna jina jingine, na sote tunalijua.

Nani kadhulumiwa? Wengi watajibu ni kamati ya chuo, kisha watapuuza, eti wazungu wana fedha nyingi. Mimi naona kamati si ya kwanza. Wa kwanza ni mama muuza vitumbua. Amepelekwa mbele za watu asiowajua, katika lugha asiyoisoma, akavikwa nguo za msiba ambazo hakuzivaa. Hawezi kukanusha. Miaka yote ile aliyoamka saa kumi za usiku ili watoto wale washibe imefutwa, maana shibe hiyo haiuziki. Na wapo pia waombaji wengine, wale ambao njaa yao ilikuwa ya kweli, ambao sasa wanashindanishwa na njaa ya kutunga.

Nikampa kipimo kimoja, nami nawapa ninyi pia: itafsiri barua yako kwa Kiswahili, kisha msomee yule uliyemtaja humo. Ukiweza kuisoma mpaka mwisho huku anakutazama, itume. Ukishindwa, unajua ni aya ipi ya kufuta.

Hakuisoma. Aliituma kama ilivyo, na amekubaliwa. Mama yake anawaeleza majirani kwamba mwanawe anakwenda kusomea vitabu Marekani, na baba amewaaga wenzake wa bao mapema, kana kwamba anayesafiri ni yeye.

Sasa utaniambia: unaona? Uongo umelipa, ukweli wako ungempeleka wapi? Ni hoja nzito, siikimbii. Sina ushahidi kwamba angekosa kwa kusema kweli, wala kwamba angepata. Lakini najua kinachomsubiri. Kwenye warsha watu kumi na kitu wanakaa kuizunguka meza na kuichambua hadithi yako. Pale atakuwa yule mtoto wa mjane. Akileta hadithi ya baba anayecheka na redio, atalazimika kueleza baba huyo katoka wapi. Ni rahisi zaidi kuendelea kuleta misiba. Huenda akaishinda hali hiyo na kuandika kitabu kikubwa; uwezo anao. Hata akikiandika, mzee bado kauawa katika karatasi, na yu hai.

Turudi kwenye fedha, maana wapo watakaosema nimeiosha mno. Juni 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere, Kampala, katika mkutano wa waandishi wanaotumia Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi mwenye hadithi chache tu zilizochapishwa, alialikwa. Shaaban Robert, mwenye vitabu lukuki vya Kiswahili, hakustahili kualikwa kwa kipimo hicho. Alifariki mwezi huohuo. Mkutano ulisaidiwa na shirika lililoitwa Congress for Cultural Freedom, na katika miaka ya 1966 na 1967 ilifichuka hadharani kwamba fedha za shirika hilo zilitoka kwa majasusi wa Marekani, CIA.

Je, CIA iliwaandikia wale vijana sentensi zao? Hapana. Ngũgĩ huyohuyo alikuja kuandika kwa Kikuyu na kuwashutumu mabeberu mpaka alipofariki mwaka 2025. Nguvu ya mlipaji ni kuamua nani anakaa mezani, na meza inazungumza lugha gani. Ukishakaa, unajitungia mwenyewe sentensi zako. Ila tayari umeacha mlangoni lugha moja na mtu mmoja mwenye vitabu lukuki.

Lakini tusiseme fedha ya mgeni daima huua lugha. Masimulizi ya Unguja yanasema Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri akajifunze muziki. Unaona? Ufadhili kamili wa kusomea sanaa ng'ambo si jambo la juzi. Taarab ya kasri iliimbwa Kiarabu. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akaiimba Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya wageni. Mbona kampuni ile haikumtoa kwenye Kiswahili? Kwa sababu mnunuzi wa santuri alikuwa Mswahili. Fedha ya mgeni ilimvuta kuelekea nyumbani kwa kuwa msikilizaji alikuwa nyumbani.

Basi jambo la kuuliza si nani analipa tu. Uliza nani anasikiliza. Kwenye warsha ya Marekani msikilizaji hajui uswahilini ni wapi. Taratibu unaanza kueleza ugali, unaeleza khanga, unaeleza kwa nini mtoto anamwamkia mkubwa. Baada ya miaka 3 unaweza kujikuta umekuwa mwongoza watalii katika mtaa wenu wenyewe.

Dawa ipo, na si kukataa kwenda. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alisoma Chuo Kikuu cha Wisconsin, akapata udaktari mwaka 1985. Hakwenda kusomea kutunga, alisomea fasihi na falsafa. Lakini alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vilikuwa Kiswahili kilichowatoa jasho hata wazoefu wa Kiswahili. Alichota kisima cha mbali, akamwaga maji shambani kwake.

Na sisi tuliobaki tusijifanye mahakimu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, ila waandishi wa hapa tunacheza mpaka viatu vinaisha na hakuna anayeinuka kututunza. Zipo tuzo, nazo nazishukuru: tuzo ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ile ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu. Lakini tuzo hulipa kitabu kilichokwisha. Ufadhili wa MFA hulipa muda wa kukiandika. Kijana anayetoka kazini Kariakoo saa mbili usiku na kugombea daladala, huyo hakosi kipaji, anakosa saa mbili za utulivu na meza. Siku mtu wa hapa, awe tajiri, halmashauri au msikiti, atakapomlipia kijana mwaka mmoja aandike kwa Kiswahili bila kumpangia la kusema, ndipo tutakuwa na haki ya kumwita msaliti yule anayekwenda.

Mpaka siku hiyo, mwenzangu, omba. Mwache baba yako hai katika karatasi zako. Ukipata, fundisha vizuri wale watoto wa watu, maana hiyo ndiyo kazi unayolipiwa, na kila msimu andika walau hadithi moja ambayo meza ile haitaielewa bila mkalimani, uitume huku kwenye vijarida vyetu vya kuchapwa kwa kuungaunga. Ukikosa, hujapungukiwa kitu kilichokuwa chako. Hadithi bado iko mtaani, na mama anauza vitumbua.