Urafiki wa Safarini na Jembe la Siku ya Tatu

Swali la kama urafiki uliozaliwa na kumalizika ndani ya safari moja unastahili kuitwa urafiki ni la zamani, ijapokuwa meli za watalii, yaani zile meli kubwa ambazo abiria hulala, hula na kustarehe ndani yake kwa siku kadhaa huku zikipita bandari hadi bandari, zimelifanya lionekane jipya. Abiria waliokuwa hawajuani huketishwa kwenye meza moja ya chakula cha jioni, wakasimuliana habari za ndoa na za misiba yao kabla hata ya kujuana majina kamili, wakaahidiana kuandikiana, kisha wakifika bandari ya mwisho kila mmoja akashika njia yake. Wapo wanaosema kwamba huo ulikuwa mchezo wa watu wenye nafasi, na wapo wanaoapa kwamba hawajapata kuwa na rafiki wa kweli kuliko yule waliyeongea naye usiku mmoja wakiegemea ukingo wa meli. Pande zote mbili zinapima kwa muda, hii ikiuona muda mfupi kuwa kasoro na ile ikiuona kuwa uhuru, ilhali kinachoamua jambo hili ni kingine: kama kila mmoja alikuwa radhi kutwishwa mzigo wa mwenzake.

Nyeri, nchini Kenya, haina bahari, na mtu wa Karatina au wa Nanyuki jirani anayetaka kuiona meli ya watalii hana budi kusafiri hadi Mombasa. Hata hivyo, ndani ya msitu wa Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare, ipo hoteli ya mbao iliyojengwa kwa umbo la safina ya Nuhu na kuitwa The Ark, na mambo yanayotokea humo yanafanana sana na ya melini. Wageni huchukuliwa kwa basi kutoka Mweiga, wakapita juu ya daraja la mbao hadi mlangoni, na tangu hapo hawatoki mpaka asubuhi, kwa kuwa nje ni kwa ndovu na nyati. Chini ya roshani kuna dimbwi na udongo wenye chumvi ambao wanyama huja kuulamba, taa humulika usiku, na mnyama adimu akitokea kengele hulia vyumbani. Hapo ndipo watu ambao wangepishana bila salamu katika mkahawa wa Nairobi husimama bega kwa bega, wengine wakiwa wamejifunika blanketi juu ya nguo za kulalia, wakipokezana darubini na kunong'onezana wasije wakamshtua kifaru. Baridi ya Aberdare huwasogeza karibu zaidi. Asubuhi hunywa chai pamoja kama jamaa, basi huwarudisha Mweiga, na safari imekwisha.

Nyumba ya kwanza ya aina hiyo katika milima hii, Treetops, ilifunguliwa mwaka wa 1932 na Eric Sherbrooke Walker, mwenye Hoteli ya Outspan mjini Nyeri, ikiwa na vyumba viwili tu juu ya mti wa mugumo. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyosimuliwa kwa kawaida, kwa sababu mugumo kwa Wagikuyu ni mti ambao chini yake wazee walimtolea Ngai, yaani Mungu, kafara wakiuelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Waliokutana kivulini mwake walikuwa wamekwisha kufungamana kwa ukoo na kwa riika, yaani kundi la waliotahiriwa wakati mmoja, na kila mmoja alijua anachodaiwa na mwenzake kabla ya sala kuanza. Juu ya mti wa aina hiyo hiyo wageni wa Walker walikutana bila kudaiana chochote, na yaelekea sehemu kubwa ya raha yao ilitoka hapo.

Historia imeuwekea usiku mmoja wa mahali hapo alama. Tarehe 5 Februari 1952 Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alipanda Treetops pamoja na mumewe Philip, wakiwa katika ziara ambayo ingeendelea Mombasa, ambako meli Gothic iliwasubiri iwapeleke Ceylon, Australia na New Zealand. Miongoni mwa waliokesha nao alikuwa Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa simbamarara wa India aliyekuwa amehamia Nyeri. Usiku huo wa kutazama ndovu na vifaru ndio uliomkuta Mfalme George wa Sita akifariki usingizini, na binti yake alikwisha kuwa malkia bila yeye mwenyewe wala wenzake wa roshani kujua. Habari zilimfikia tarehe 6 akiwa Sagana, baada ya kuteremka mtini, na siku hiyo hiyo akaondoka kwa ndege kutoka Nanyuki kupitia Entebbe, huku Gothic ikibaki bila abiria wake. Tukio hilo huelezwa kama mfano mkuu wa jambo lisilotazamiwa safarini, na kweli ni hivyo, lakini linaonyesha pia mpaka wa mambo ya namna hiyo: walioshiriki usiku ule walibeba kumbukumbu moja maisha yao yote, ila kumbukumbu moja haikuwafanya kuwa na hali moja, na kila mtu alirudi papo hapo katika cheo chake. Kushuhudia jambo kubwa pamoja ni mlango tu wa urafiki, na wengi huishia mlangoni.

Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu chake cha maadili alichokiandika Ugiriki katika karne ya nne kabla ya Kristo, aliugawa urafiki katika aina tatu: wa manufaa, ambao hudumu maadamu mmoja ana haja na mwenzake, wa raha, ambao hudumu maadamu kuna kuburudishana, na wa wema, ambao kila mmoja humtakia mwenzake heri kwa ajili ya mwenzake huyo. Huu wa tatu, kwa maoni yake, huhitaji muda mrefu na kula pamoja mara nyingi. Kwa kipimo chake urafiki wa melini ni wa aina ya pili. Wahenga wa Kiswahili nao waliligusa jambo hili kwa upande mwingine waliposema kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msemo huo huchukuliwa kama onyo kwa mgeni mzembe, lakini una heshima kubwa ndani yake, kwa kuwa anayepewa jembe ameacha kuwa wa kuburudishwa, amekuwa mtu wa shamba lile, naye ana haki ya kula mavuno yake. Abiria wa meli ya watalii hafikii siku hiyo ya tatu hata akikaa humo mwezi mzima, kwa sababu kila kitu kimepangwa ili asimhitaji abiria mwenzake kwa lolote. Upungufu wa urafiki wake uko hapo, na Aristotle alikaribia kuuona alipotaja muda, isipokuwa muda peke yake hautoshi.

Kinyume cha hali hiyo kilionekana juu ya Mlima Kenya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Felice Benuzzi, Mwitaliano aliyekuwa mateka katika Kambi ya 354 karibu na Nanyuki, alitoroka tarehe 24 Januari 1943 pamoja na Giovanni Balletto, aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa mpanda milima kabisa. Walikuwa na vifaa walivyojitengenezea kwa siri kambini, na umbo la mlima walilisoma pia kwenye picha ya kopo la nyama. Barsotti aliugua, ikabidi abaki kwenye hema la chini. Wawili wengine walishindwa kufika Batian, kilele kikuu chenye mita 5,199, lakini tarehe 6 Februari wakasimika bendera yao juu ya Lenana, chenye mita 4,985, kisha wakateremka kwa mwenzao wakiwa na njaa kali, na tarehe 10 wakajirudisha wenyewe kambini. Safari yao nzima ilichukua muda wa likizo moja ya melini. Tofauti ni kwamba kila kipande cha chakula alichokula mmoja kilipungua kwa mwenzake, na kila kosa la mmoja lingeweza kumuua mwingine.

Dini nazo zinashuhudia kwamba safari ni mahali pa kumjua mtu. Waislamu husimulia kwamba Umar bin Khattab, khalifa wa pili, alimuuliza mtu aliyekuwa akimdhamini mwenzake kama alipata kuwa jirani yake, kama alifanya naye biashara, na kama alisafiri naye, na alipojibiwa hapana kwa yote matatu akamwambia kuwa basi hamjui. Katika Injili ya Luka, wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau walitembea na mgeni wasiyemtambua, wakamsihi alale kwao kwa kuwa kumekuchwa, na ilikuwa mezani, alipoumega mkate, macho yao yalipofumbuka. Kutambuana huko kulidumu nukta chache tu, kwani mara hiyo alitoweka, lakini hakuna Mkristo asemaye kwamba kwa hivyo kulikuwa hafifu.

Nyeri yenyewe ina ushahidi ulio wazi zaidi. Sista Irene Stefani, mmishonari wa Consolata kutoka Italia, aliwahudumia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia wapagazi Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, katika hospitali za Voi, Kilwa na kwingineko, watu waliotolewa mbali na kwao na ambao wengi wao aliwajua kwa siku au saa tu kabla hawajafa. Baadaye, huko Gikondi, watu walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma, na mwaka wa 1930 alifariki kwa tauni baada ya kumuuguza mwalimu aliyekuwa nayo. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Anayedai kuwa urafiki mfupi si urafiki anapaswa kueleza ni nini walichokosa wapagazi wale waliofia mikononi mwake.

Hata hivyo ugumu mkubwa wa swali uko kwa wale wanaolipwa. Meli ya watalii haiendi bila wahudumu, na Mlima Kenya haupandwi na wageni bila waongozaji na wapagazi wa Naro Moru, Chogoria na Nanyuki, ambao mara nyingi ndio wageni hao humaliza kuwaita marafiki. Tazama yanayotokea katika kambi ya Mackinder usiku wa manane, kabla ya kuanza ngwe ya mwisho ya kwenda Lenana. Mwongozaji anamuuliza mgeni kama kichwa kinauma, kama ametapika, kisha anamwambia atembee mstari mmoja akigusisha kisigino na vidole vya mguu wa pili, kwa sababu anayepepesuka ameanza kudhuriwa na upungufu wa hewa wa mwinuko na akizidi kupanda anaweza kufa. Mgeni aliyelipia safari anaambiwa na mwajiriwa wake kwamba atarudi chini, naye anatii. Katika dakika hizo mwajiri na mwajiriwa hubadilishana nafasi, na mwongozaji anayesema hivyo huku akijua kuwa bahashishi yake inaweza kupungua anamtakia mwenzake heri kwa ajili ya mwenzake huyo, jambo ambalo Aristotle aliliweka katika aina ya tatu.

Wiki kadhaa baadaye, mgeni akiwa kwao, hupata ujumbe wa simu kutoka kwa mwongozaji ukieleza kuwa mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na wengi hapo huvunjika moyo wakisema kwamba kumbe alikuwa akitafuta pesa tu. Inawezekana ni hivyo, kwa kuwa urafiki wa manufaa upo na una werevu wake. Lakini mgeni huyo huyo alimsimulia mwongozaji, kando ya jiko la kambi, habari za baba aliyemzika mwaka uliopita, na mwongozaji, aliyekuwa amechoka na mwenye kuamka saa nane za usiku, hakumwambia kwamba kusikiliza msiba hakumo katika malipo yake. Aliupokea mzigo. Ombi la karo ni zamu ya pili ya tendo hilo, ni jembe linalotolewa siku ya tatu na mtu aliyeamini kuwa mgeni wake amekwisha kuwa wa nyumbani. Rafiki anaweza kujibu kwamba hana, au kwamba ana kidogo, na urafiki ukabaki mzima. Asichoweza kukisema, akabaki rafiki, ni kwamba aliyemwomba hakuwa na haki ya kumwomba.