Muungwana ni nani?

Ndugu Waislamu, vikao vyetu vingi hufunguliwa kwa neno "waungwana". Msemaji akisimama, iwe msikitini au kwenye shughuli ya ndoa, ndilo la kwanza kumtoka. Siku hizi tunakusudia mtu mwenye adabu. Lakini neno hili lina historia, na historia hiyo haijafa.

Kwa wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja, muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Tabia haikuulizwa. Ajabu ni kwamba katika karne ya 19 wapagazi wa misafara ya pwani, watumwa wakiwemo, wakifika bara waliitwa waungwana, hata Kiswahili cha Kongo kikapata jina la Kingwana. Huku mtumwa, kule muungwana, na mtu ni yule yule!

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Hebu sasa kijana apeleke posa. Anaswali, ana kazi, hana ulevi. Mara wajomba wanakaa chemba: "Babu yake nani?" Jibu lisipowaridhisha, posa inarudishwa, na binti anaendelea kukaa.

Watasema kufuu imo katika fiqhi. Naam, imo, na Mashafii wameitaja nasaba. Lakini hiyo ni haki ambayo binti na walii wake wakiridhia huisamehe, na ndoa ikasihi. Anayeigeuza kuwa ukuta ajue kaujenga mwenyewe, maana Suratul Hujurat, aya ya 13, imekwisha kuupima utukufu kwa uchamungu.

Tumsikilize Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureshi. Alipoachwa na eda yake kwisha, alimweleza Mtume (SAW) kuwa ameposwa na Mu'awiya na Abu Jahm, wote Makureshi. Mtume akasema mmoja hana mali na mwingine ni mkali kwa wake. Aolewe na Usama. Huyu ni mtoto wa Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Fatima hakumtaka. Mtume akarudia ushauri ule ule. Akakubali, na katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim anasimulia mwenyewe kuwa Allah alitia kheri katika ndoa ile, hata akaonewa wivu.